Kamba imepelea, kamba imebaki: kisa cha mjeledi wa Wete

Kikundi kimoja cha maigizo cha Wete, Pemba, kilikuwa kinatayarisha mchezo wa jukwaani juu ya mashamba ya karafuu kabla ya mwaka 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Msimamizi wao, mwalimu wa skuli, alitaka mjeledi. Hautampiga mtu. Alitaka ulie tu, mlio mmoja mkali kabla ya taa kuzimwa, na alitaka uonekane kweli umesukwa, si kipande cha kamba kilichofungwa kwenye fimbo.

Kazi akampa fundi wa nyavu. Kwa mkono, fundi huyo hana wa kumfundisha: anashona jarife, anaunga kamba za nanga, na akikaa kusokota, kamba hutoka sawa mwanzo mpaka mwisho. Mjeledi hakuwahi kuusuka. Walikubaliana urefu wa pima moja na nusu, bei moja kwa yote, kamba juu ya fundi. Hayo ndiyo makubaliano mazima, na nitayarejea, maana ugomvi wa pili ulitokea humo.

Wakachagua nailoni nyeusi ya milimita 4, ile yenye ganda lililosukwa na nyuzi nyembamba ndani yake. Mtu wa historia atalalamika: nailoni ilipatikana maabara mwaka 1935, na mjeledi wa zama zile ungekuwa wa ngozi. Mimi nawaunga mkono. Kuanzia safu ya tatu ya viti hakuna anayeona tofauti, na ngozi katika unyevu wa Pemba huota ukungu haraka kuliko mchezo wowote unavyomaliza mazoezi.

Nilipoitwa, mjeledi ulikuwa umesimama njiani. Mpini ulikuwa tayari, mwili umesukwa vizuri, unapungua unene kwa adabu, halafu kwenye mita 1.8 hivi nyuzi zimekwisha, vijishina vinane vimechomoza kama masharubu. Chini, juu ya mkeka, kulikuwa na vipande vya kamba ileile, vingine vikizidi mita moja.

"Maalim, kamba imenipelea," fundi alikuwa amemwambia msimamizi.

"Imepelea vipi, ami, na hii iliyojaa chini hapa ni ya nani?"

Swali la mwalimu lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Katika kazi moja, kamba ilipungua na kamba ileile ilibaki. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Hesabu ya fundi ilikuwa hii. Mjeledi mzima, pamoja na mpini, ni mita 2.5. Msuko wa nje una nyuzi 12. Kwa kuwa kusuka hula kamba, akaongeza moja ya tano, akapata mita 3 kwa kila uzi. Akakata vipande 6 vya mita 6, akavikunja katikati, kila kipande kikampa nyuzi mbili. Jumla mita 36. Moja ya tano hakuitoa hewani. Ndiyo nyongeza yake ya siku zote anapotayarisha nyuzi za kamba ya kusokota.

Wengi watasema kosa ni hiyo moja ya tano tu: angeongeza nusu, angefika. Naona jibu hilo ni la haraka. Mtu akilifuata kazi nyingine atanunua kamba nyingi, atamaliza mjeledi, na chini ya miguu yake kutabaki rundo kubwa zaidi. Kosa ni la kudhani kwamba nyuzi zote zina urefu mmoja, na kwamba kila shibiri ya mjeledi inakula kamba sawa na shibiri iliyoitangulia.

Na dhana hiyo haikutokana na uzembe. Tazama kazi za kusuka za visiwa hivi. Mama anayesuka ukili hakati miyaa kwa urefu wa mkeka. Miyaa mmoja ukikaribia kwisha anachomeka mwingine, na ukili unaendelea mpaka aseme basi. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaosokota kamba ya usumba wanalisha nyuzi za makumbi kiganjani kidogo kidogo. Kamba inaweza kwenda kutoka mnazi huu mpaka ule na hakuna uzi hata mmoja ndani yake unaozidi urefu wa kumbi la nazi. Nyavu nazo: uzi wa kwenye sindano ukiisha, unafunga fundo, unajaza sindano, unaendelea. Kote huko urefu huongezwa njiani. Fundi aliyekulia humo ana ujuzi mkubwa wa mkono, lakini hajawahi kulazimika kujua mwanzoni uzi utaishia wapi. Mjeledi haumpi nafasi hiyo. Nyuzi zake zinatoka kwenye mpini na nyingine lazima zifike nchani bila kiungo, kwa sababu kila kiungo ni kidundu, na kidundu kwenye sehemu nyembamba huzuia mwendo na huvunjika mapema. Urefu unaamuliwa kabla mkasi haujafunguka.

Basi uzi mmoja unakula kiasi gani?

Uzi wa msuko haupandi mjeledi kwa kwenda wima. Unauzunguka kwa mshazari. Kadiri unavyolala kuelekea upande, ndivyo unavyotembea mbali zaidi ili kupanda sentimita moja. Ukilala kwa pembe ya digrii 45, kila sentimita 10 za mjeledi zinataka sentimita 14 na kitu za uzi. Pembe hiyo fundi haichagui kwa macho. Inaamuliwa na vitu vitatu: mzingo wa mjeledi mahali hapo, upana wa uzi ukishalala bapa, na idadi ya nyuzi. Kama msuko umebana na hauna mwanya, chukua nusu ya idadi ya nyuzi, zidisha kwa upana wa uzi. Kisha gawa mzingo kwa jibu hilo. Unapata ni mara ngapi uzi unazidi urefu wa mjeledi.

Tuliijaribu kwenye mjeledi uleule. Uzi wa fundi, baada ya kutolewa nyuzi za ndani na kuvutwa, ulilala kwa upana wa milimita 4. Nusu ya nyuzi 12 ni 6. Mara 4, ni 24. Pale mzingo ulipokuwa milimita 36, uzi unakula mara 1.5. Kwenye mpini, mzingo milimita 42, unakula mara 1.75. Moja ya tano ya fundi, yaani mara 1.2, haikutosha hata mahali pamoja pa mjeledi huu.

Mzingo nao una mtego. Fundi ukimwambia apime, atazungusha uzi juu ya msuko wa ndani, kabla ya ule wa nje kuvikwa, kwa sababu ndicho kilichopo mkononi. Lakini uzi wa nje unapita juu zaidi kidogo. Kwa uzi bapa uliotolewa matumbo, ongeza kama milimita 4 kwenye mzingo. Kwa uzi mzima wenye nyuzi zake za ndani, ongeza karibu mara tatu ya hapo. Kwenye mpini nyongeza hiyo haistui. Kuelekea nchani, ambako mzingo wote ni milimita 17, ni robo nzima ya hesabu.

Sasa rundo la chini. Msuko wa nyuzi 12 hauwezi kuendelea na 12 mpaka mwisho. Mjeledi ukipungua unene na nyuzi zikabaki zilezile, hazina pa kulala. Zinasimama karibu wima, zinapandana, msuko unakuwa mgumu kama fito. Ndiyo maana zinapunguzwa mbili mbili, moja kila upande: 12, 10, 8, 6. Zinazotolewa zinaingizwa ndani, zinafunikwa, zinakuwa sehemu ya moyo, yaani kiini cha mjeledi, kwa masafa mafupi, kisha zinakatwa. Fundi alilijua hilo na alilifanya vizuri. Ila alikuwa amezikata zote mita 3, kwa hiyo uzi uliotakiwa kuishia karibu na mpini ulikuwa mrefu sawa na ule uliotakiwa kufika nchani. Jozi ya kwanza ilipoingizwa ndani, kila uzi ulibakisha karibu mita moja na nusu. Hiyo ndiyo kamba aliyoiona mwalimu kwenye mkeka.

Tukaugawa mjeledi kwa vipande, tukaanzia mahali nyuzi zinapopunguzwa. Mpini sentimita 25 unakula 44. Sentimita 60 zinazofuata, bado nyuzi 12, zinakula 90. Hapo jozi ya kwanza inatoka, kila uzi ukiwa umetumia sentimita 134. Sentimita 55 za nyuzi 10 zinakula 80, jumla 214, jozi ya pili inatoka. Sentimita 55 nyingine za nyuzi 8 zinakula 79, jumla 293, jozi ya tatu inatoka. Sentimita 55 za mwisho, nyuzi 6, zinakula 78, jumla 371.

Angalia jinsi kila kipande baada ya mpini, kuanzia nyuzi 12 hadi 6, kilivyokaa kwenye mara 1.42 mpaka 1.5. Si bahati. Kupunguza nyuzi mahali panapostahili ndiko kunakoiweka pembe karibu na 45 muda wote, na msuko ukapendeza macho. Ukiona msuko umeanza kurefuka na kulala vibaya, umechelewa kutoa jozi; ukiona mianya inayoonesha moyo, umewahi mno.

Juu ya hesabu hiyo unaweka akiba. Uzi unaozikwa ndani unataka kama sentimita 15 za ziada. Zile sita zinazofika nchani zinataka 40, kwa sababu vidole vinahitaji mahali pa kushika na kuvutia, na fundo la mwisho nalo lina haki yake. Kwa hiyo, kila kipande kikikunjwa katikati: kimoja cha mita 2.98, kimoja cha 4.58, kimoja cha 6.16, na vitatu vya 8.22. Jumla ni mita 38 na sentimita 38.

Fundi alitumia 36. Alipungukiwa na mita 2 na nusu kasoro. Mita hizo chache, zikigawiwa vizuri, zingemaliza kazi iliyokwama sentimita 70 kabla ya mwisho. Na yule aliyemshauri akate zote ndefu kwa usalama angemfanya anunue zaidi ya mita 49. Nilipoziweka tarakimu hizi tatu karatasini, fundi alicheka, akamwita kijana wake aje aone. Naamini kicheko kile kilifanya kazi kuliko mhadhara wangu wote.

Kuna jambo moja sikukubaliana na fundi hata baada ya hapo. Alitaka aikariri kanuni ya kugawa mzingo, basi. Mimi nasema kanuni ni ya kupangia manunuzi. Kabla ya kukata, suka kipande cha kujaribia. Chukua fimbo yenye unene wa sehemu unayoitaka, suka sentimita 20 kwa nyuzi zilezile na mkono uleule, weka alama kwa chaki, fumua, pima. Kama uzi umekula 30, mara yako ni 1.5, hata karatasi iseme nini. Mikono haivuti sawa, na nailoni hunyumbuka: anayevuta sana hupata uzi mwembamba na mrefu zaidi, anayesuka kwa upole hupata bapa pana. Kamba iliyotoka sasa hivi kwenye roli la duka pia ina mazoea ya kujikunja. Iache inyooke kwanza, ndipo uweke futikamba.

Ilibaki kuamua la kufanya na mjeledi uliokwama. Kulikuwa na njia ya kuunga: nyuzi zilizotolewa matumbo ni mirija mitupu, unaweza kuingiza ncha ya uzi mpya ndani ya ule wa zamani, ukashona kidogo, ukaendelea. Ni kazi safi kwa mkono kama ule, mradi viungo visikae mahali pamoja. Lakini nyuzi sita zote zingeungwa ndani ya masafa ya shibiri mbili au tatu, pale pembamba, pale panapopata taabu kuliko pote. Kuunga nilikukataa. Kulikuwa pia na njia ya kuufunga hapohapo kwenye mita 1.8, na kusema kweli hiyo ndiyo ningeichagua ningekuwa mwalimu. Mjeledi wa mita 1.8 unalia vizuri sana, na kwenye jukwaa la skuli lenye pazia pembeni na dari la chini, mfupi ni salama zaidi.

Mwalimu hakutaka. Pima moja na nusu ni pima moja na nusu. Na hapo ndipo ugomvi wa pili ulipozuka, maana alileta futikamba yake na kudai mita 2.74. Kwake pima ni futi 6, mikono minne ya inchi 18, kama ilivyozoeleka madukani. Fundi alikuwa amepima kwa mikono yake mwenyewe iliyonyooshwa, na fundi ni mtu mfupi; pima yake haifiki mita 1.7. Hiyo ndiyo iliyozaa mita 2.5. Hakuna aliyedanganya. Wavuvi hupima kina na kamba kwa mikono yao, na mradi anayepima na anayetumia ni mtu mmoja, kipimo hicho hakina ila. Kikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine na fedha zikiwa katikati, kinageuka. Niliwaambia wabaki kwenye 2.5, kwa sababu moyo na misuko ya ndani ilikwisha kupangwa kwa urefu huo, na kurefusha nje peke yake kungeacha mkia mtupu usio na uzito.

Uzito wenyewe ndio unaoleta mlio, kwa hiyo si jambo la urembo. Mjeledi unapotupwa, mkunjo hukimbia kutoka kwenye mpini kwenda nchani. Kila unapofika kwenye sehemu nyembamba zaidi, nguvu ileile inabebwa na uzito mdogo zaidi, na mwendo unaongezeka, mpaka mwisho wake unapita kasi ya sauti, ambayo katika joto la nyuzijoto 30 ni karibu mita 349 kwa sekunde. Mlio ni hewa iliyopasuliwa, wala haujagusa kitu. Alain Goriely na Tyler McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona walionesha kwa hesabu mwaka 2002 kwamba mlio unafungamana na mkunjo huo wenyewe. Mjeledi usiopungua unene taratibu, au wenye vidundu njiani, humwaga nguvu hiyo kabla haijafika. Ndiyo sababu naikazania hesabu ya nyuzi: nyuzi zikipunguzwa mahali pasipo pake, mjeledi unaweza kupendeza mno na usilie kabisa.

Basi fundi akafumua msuko wa nje wote. Hasara ilikuwa ndogo kuliko alivyoogopa. Angekuwa hajakata masalio, vitatu kati ya vile vipande sita vya mita 6 vingetosha kwa jozi tatu za kutolewa, hata kile cha 6.16 kingebana lakini kingefika. Kwa kuwa jozi mbili alikwisha kuzikata, zile zilizokatwa zikarudi kwenye jozi ya kwanza na ya pili kama zilivyokuwa, kila moja mahali pake pa zamani, na jozi ya tatu ikachukua kipande kizima. Alichonunua ni vipande vitatu virefu tu, mita 25 kwa jumla. Vile vitatu vilivyobaki vya mita 6 akaviweka kwa misuko ya ndani ya kazi nyingine.

Safari hii, kabla ya kuanza, alifunga uzi mwekundu kwenye jozi ya kwanza, wa kijani kwenye ya pili, mweupe kwenye ya tatu, ili asije akatoa mrefu akaacha mfupi. Alama hizo aliziwazia mwenyewe, na ni bora kuliko nilichotaka kumwonesha. Nilimshauri pia asitie chubwi za risasi ndani ya moyo alivyokusudia: risasi huacha unga wake mikononi, na mjeledi huu ungeshikwa na watoto wa skuli. Akatumia gololi ndogo za chuma.

Mwisho wake ukafungwa mkia wa kamba moja wa sentimita 60, na kwenye mkia kishungi cha uzi wa kushonea nyavu, kirefu kama kidole na nusu. Hicho kishungi ndicho kinachochakaa. Hubadilishwa kila kikichanika, na ni afadhali kichanike chenyewe kuliko ncha ya msuko. Anayeujaribu avae miwani na shati la mikono mirefu, na asiwepo mtu ndani ya duara la mjeledi na mkono pamoja, yaani zaidi ya mita 4 kila upande.

Kuhusu mita 25 za ziada, walikuja wakabishana tena nani alipe. Mapatano yalisema kamba juu ya fundi, na upungufu ulitokana na mpango wake, kwa hiyo nilimwelemea yeye. Fundi hakupinga, ila alidai kitu kimoja kwa kazi zijazo, na mwalimu akakubali: urefu uandikwe kwa sentimita kwenye karatasi, na pembeni yake iandikwe kazi ya mjeledi na mahali utakapotumiwa.